Jezi Hufuliwa kwa Maji Baridi

Edmonton, London
12 Aprili 1998, Jumapili ya Pasaka

Mpwa wangu Thérèse,

Salamu hizi zikukute umekaa, maana ni nyingi na hutaweza kuzibeba umesimama. U mzima? Mama yangu mzima? Presha yake imetulia, vidonge anavimeza? Mimi mjomba wako ni mzima kama ngoma iliyowambwa jana. Mgongo tu unaniuma kidogo, na huo ni mgongo wa mtu anayetegemewa.

Uliniandikia kwamba watu wa kambi wanauliza Anselme anafanya kazi gani huko Ulaya. Waambie wasogee karibu. Mimi sasa ni mtu wa timu. Timu yenyewe ni Mwewe wa London, ya ligi kuu ya rugby, ile ya watu kumi na tatu. Wachezaji wanalipwa mshahara, wanapigwa picha za gazeti, na bila mimi hawaingii uwanjani. Nakuapia kwa kaburi la baba. Ijumaa Kuu walicheza, na kabla ya kuingia kila mmoja alipokea kitu kilichotoka mikononi mwangu. Kitu gani? Hiyo ni siri ya kazi.

Usidhani ni mpira ule wa miguu wa watu wavivu. Mpira wao una umbo la papai. Unaubeba kifuani, unakimbia mbele, lakini ukitaka kumrushia mwenzako lazima urushe nyuma. Wale wa timu nyingine wanakuangusha. Unainuka, unauviringisha chini ya mguu, mwenzako anaokota, naye anaangushwa. Mkiangushwa mara sita, mpira mnawaachia wale. Wachezaji wana shingo kama kinu. Yuko mmoja, Lawrence, mtu wa visiwa vya mwisho wa dunia, aligonga mlingoti wa goli kwa kichwa, mlingoti ukaomba msamaha. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nikausikia.

Tumeshinda mechi mbili. Wataalamu wa hapa walisema tutashika mkia. Mimi niliishia darasa la nne kwa mapadri, lakini darasa la nne la zamani ni chuo kikuu cha leo, na nimewaambia wazi: mwaka huu ni wetu.

Habari nyingine si nzuri. Papa Serge, yule wa Uvira anayekaa Hayes karibu na uwanja wa ndege, amefiwa na kaka yake. Waliopigiwa simu ya msiba ni sisi wa huku Edmonton. Tukaenda watu sita, tukapanda mabasi matatu, tukaketi kwake, tukanywa chai, tukasema habari za mvua, za kodi ya nyumba, hadi mwenyewe akaweka kikombe chini akauliza, "Ni nani?" Ndivyo inavyotakiwa. Mtu haambiwi msiba akiwa peke yake, na msiba hauandikwi kwenye karatasi. Hata wewe, likitokea jambo huko, usije ukanifanyia hivyo, nifungue bahasha nimesimama kama mlingoti.

Barua zako ziendelee kupitia kwa Chandrakant, yule Mhindi aliyezaliwa Ujiji. Ana biashara yake hapa Edmonton, ni kama karani wangu.

Mwambie Mama nakuja. Makaratasi yakitoka tu.

Ni mimi, mjomba wako,
Anselme


Kambi ya Nyarugusu, Kasulu
20 Mei 1998

Mjomba mpenzi,

Shikamoo. Tumeipokea barua yako, ilitembea siku thelathini na tatu lakini ilifika haijachoka. Sisi tu wazima. Mimi bado nafundisha darasa la tatu, watoto themanini na kitabu kimoja. Bibi anakohoa asubuhi, lakini presha imeshuka tangu wampe vile vidonge vya zahanati. Anameza kimoja kila asubuhi na uji, kisha ananionyesha ulimi kama mtoto.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza kwa Bibi, mara tatu kwa watu. Papa Muhiddin, fundi cherehani jirani yetu, yule mwenye redio, alikuja na kiti chake. Akasema, "Thérèse, rudia pale mlingoti ulipoomba msamaha." Nikarudia. Akasema, "Mjomba wako mwongo, lakini endelea." Bibi akamjibu, "Wewe Muhiddin, mwanangu akidanganya nitajua mimi niliyemzaa. Mpira huo upo."

Bibi ana maswali. Anauliza kwa nini wanarusha nyuma, nyuma kuna nani? Na ile ya kuangushwa mara sita, aliihesabu mwenyewe kwa vidole safari yetu: Baraka, ziwani, Kigoma, kambi ile ya kwanza, siku mama yangu alipofariki, na hapa. Akasema, "Sita. Basi sasa mpira wawape wengine." Tulicheka mpaka akaanza kukohoa.

Lakini la muhimu alilonituma ni hili. Miaka minne sasa. Faili lako limefika wapi? Anasema hataki zawadi, hataki picha, anataka akuone umesimama mlangoni hata kama umekuja mikono mitupu. Nimemweleza ulivyotueleza, kwamba bila makaratasi ukitoka huko hurudi tena. Anaitikia, halafu kesho yake anauliza upya.

Redio ya Papa Muhiddin bado haijawataja Mwewe.

Hapa chini ameweka kidole gumba chake kwa wino wangu wa shule, kile chenye kovu la kisu cha muhogo, upate kujua kwamba maneno ni yake.

Mpwa wako,
Thérèse


Edmonton, London
21 Juni 1998

Mpwa wangu, mwalimu wa watoto themanini,

Mkono wangu uupokee kutoka mbali. Mko salama? Mimi salama, nimenenepa, shati la mwaka jana limenikataa. Kovu la Mama nimeliona, nikalibusu mbele za watu bila haya. Nakumbuka siku alipojikata. Nililia mimi, yeye hakulia.

Mwambie Muhiddin redio yake haina kosa, kosa ni wivu. Sasa hivi watu wa redio wamejazana Ufaransa kwenye Kombe la Dunia la wale wa miguu. Wakimaliza watakuja kwetu wamechelewa. Tumeshinda mechi saba, Thérèse! Saba katika kumi! Tuko juu ya timu za kaskazini ambazo mtoto wao huzaliwa ameshika lile papai. Wiki iliyopita tulikuwa nyuma, zimebaki dakika tatu, mvua, tope mpaka magotini. Kocha akageuka akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa hivi, kidogo tu. Lawrence akauchukua mpira, watu watano wakamning'inia kama nguo kwenye kamba, akatembea nao wote watano hadi kwenye mstari. Watu elfu wakapiga kelele, bibi mmoja wa kizungu akanikumbatia. Jezi ya Lawrence ilikuwa na uzito wa kondoo aliyenyeshewa. Najua, niliibeba.

Chandrakant ana kijicho. Ananiambia, "Anselme, mdomo wako ungekuwa mashine ya kufulia, mimi ningeshastaafu." Nikamwambia, "Bwana, wewe ni wa Ujiji, utajua nini mambo ya ligi kuu?"

Sasa sikia habari yenyewe, uisome polepole Mama aipate vizuri. Mwenyekiti wa timu, mzee tajiri mwenye tumbo la heshima, ameniita ofisini. Akanipa kiti. Akasema, "Anselme, tukichukua ubingwa mwaka huu, mimi mwenyewe nitakushika mkono hadi Home Office, kwa watu wa uhamiaji, niwaambie mtu huyu ni wetu, mpeni makaratasi yake." Kwa hiyo Mama asiulize tena faili liko wapi. Makaratasi yangu sasa yamo ndani ya mpira ule. Tarehe 12 Julai tunacheza na vigogo wa kaskazini. Tukiwapiga hao, nani atatuzuia? Fainali ni Oktoba, huko Manchester.

Mama anaweza kutuombea kidogo. Haitaharibu kitu.

Mjomba wenu, mtu wa timu,
Anselme


Nyarugusu
12 Agosti 1998

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini umo katika afya. Huku watu wapya wanaingia kila siku, unajua vita vimerudi kwetu tangu mwanzo wa mwezi. Mimi mzima. Juu ya Bibi ndiyo nakuandikia, na barua hii naiandikia shuleni asiione.

Barua yako ilifika tarehe 20 Julai. Nilipomaliza kusoma yale ya mwenyekiti, Bibi aliinuka, akafunga kitenge kiunoni, akasema, "Nilijua. Mungu anajificha hata ndani ya papai." Jioni ile ile akaita kina mama wa kanisa, wakaweka mnyororo wa maombi kwa ajili ya Mwewe. Wanafunga kavu, Ijumaa hadi Jumapili, bila chakula, bila maji. Kina mama wengine walichoka wiki ya pili, maana hawajui hata mchezo wenyewe. Bibi amebaki peke yake. Siku nyingine anakunywa uji jioni tu.

Nilimwambia, "Bibi, mechi ya tarehe 12 ilikwisha siku nane kabla barua haijafika. Unafungia mechi iliyokwisha chezwa." Akanijibu, "Mungu hafuati kalenda ya posta."

Shida ni vidonge, mjomba. Vinataka chakula na maji asubuhi, naye anasema kidonge ni chakula. Anavificha chini ya mkeka, nimekuta kumi na moja. Miguu imevimba. Muuguzi wa zahanati alikuja, Mtanzania mmoja mpole, akamwambia, "Mama, utaanguka." Bibi akasema, "Nikianguka nitainuka, zitabaki mara tano." Papa Muhiddin alicheka. Mimi sikucheka.

Nimembembeleza, nimegomba, siku moja nilifunga nami ili aone aibu. Akafurahi kwamba amepata mwenzake. Hanisikii. Anakusikiliza wewe tu. Mwandikie kwa mkono wako kwamba timu inaweza kushinda bila yeye kufunga. Sema kocha amekataza. Sema lolote, wewe hukosi la kusema. Ila andika upesi.

Kidole chake hiki hapa, kaniwekea kwenye karatasi tupu akidhani ni ya salamu.

Mpwa wako,
Thérèse


Edmonton, London
9 Septemba 1998

Thérèse,

Usiisome barua hii kwa watu. Msomee Mama peke yake, na uisome yote.

Mwambie ale. Leo hii, kabla hujageuza karatasi. Ameze kidonge, halafu uendelee.

Mimi si mtu wa timu. Mimi ni dobi. Nafanya kazi kwa Chandrakant, na Chandrakant ndiye anayefua jezi za Mwewe. Zinaletwa Jumatatu ndani ya mifuko mikubwa, zinanuka kama zizi, nami nazichambua moja moja. Tope la Machi ni jeusi, la Mei lina majani, la Agosti ni vumbi. Penye damu nafua kwa mkono, kwa maji baridi na chumvi. Siku ya kwanza nilitia maji ya moto. Chandrakant akapiga kelele hadi watu wa dukani wakatoka nje: "Anselme! Damu maji baridi! Ukitia moto unaipika, haitoki milele!" Hiyo ndiyo siri ya kazi niliyokunyima. Siku ya mechi napeleka mifuko kwa gari hadi mlango wa nyuma, na mwenye zamu akiwa mtu mwema ananiacha nichungulie.

Mwenyekiti hajui jina langu. Alinipita mara moja kwenye ngazi, nikampisha, akaniambia "cheers". Neno hilo moja, asante yao ya njiani. Lile la ofisi, la kiti, la kunishika mkono, nilitunga mwenyewe kwenye basi. Faili langu liko lilipokuwa, halijui rugby. Mwewe wakishinda au wakishindwa, halitasogea hata unywele.

Nilidanganya kwa sababu Mama alikuwa akiuliza kila barua, nami sikuwa na jibu. Nilidhani uongo utakaa hapo kwenye mkeka umchekeshe, kisha ulale. Sikujua utaenda jikoni kuondoa chungu motoni.

Barua yako nimeipata jana asubuhi. Nimehesabu. Hii nayo itatembea mwezi. Tangu jana tunapiga simu ya parokia ya Kasulu, mimi na Chandrakant, kwa simu yake ya biashara. Inaita, mtu anasema "haloo, haloo", halafu inakatika. Mara nne. Mara ya tano nilipiga kelele ndani ya simu, "Mwambieni Mama ale!" Sijui ni nani aliyesikia. Pengine hakuna. Nimesimama hapa, mashine zinazunguka, nina mikono miwili mizima na hakuna kitu ninachoweza kufanya nayo.

Na kichekesho chenyewe hiki: wanashinda. Wako nafasi ya nne. Kila Jumatatu nafungua mifuko nikiomba nikute wamepigwa, labda habari itaruka yenyewe hadi kwenye redio ya Muhiddin na Mama akate tamaa, ale. Wanashinda tu.

Mwambie kocha amekataza. Mwambie na ukweli pia. Akasirike, anilaani, lakini ale.

Anselme


Nyarugusu
14 Oktoba 1998

Mjomba mpenzi,

Shikamoo. Hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mvua zimeanza, turubai letu linavuja upande wa mlango tu. Pole na kazi ya mikono. Dobi ni kazi safi, sioni kwa nini uliificha.

Barua yako ilifika juzi. Usihangaike. Sikuisoma kama ulivyoiandika. Nilimwambia Bibi imekwisha: Mwewe wamechukua ubingwa, wamemaliza kila kitu mapema. Akafurahi sana. Amekula ugali na ndagaa. Miguu imepungua uvimbe. Vidonge anameza.

Basi usiandike tena ule ukweli, mjomba. Andika barua ya ushindi. Andika kama unavyojua wewe, na mlingoti na Lawrence na watu watano, nimsomee. Anaingojea. Papa Muhiddin naye anaingojea, na kina mama wote, wamekuwa wakija kwetu kila siku, wameketi, hawaondoki hadi jioni. Wote wanakusalimu sana, wanasema ujikaze na kazi.

Je, huko una watu? Ile barua ya Pasaka ulitaja Papa Serge na wale wengine. Bado mnatembeleana? Usikae peke yako sana. Kaa na watu.

Kidole cha Bibi hiki hapa.

Mpwa wako akupendaye,
Thérèse


Edmonton, London
15 Novemba 1998

Mpwa wangu,

Nakusalimu, na safari hii sina cha kuongeza juu ya salamu. Umekula? Unalala? Shuleni wamekupa siku za kupumzika?

Ndani ya bahasha kuna karatasi mbili. Hii ni yako peke yako.

Kidole ulichoniwekea ni kizuri. Ni chembamba, mistari yake imetulia, ni kidole cha mtu ashikaye chaki. Hakina kovu. Nilikitandaza juu ya meza ya kupigia pasi pamoja na vile viwili vya mwanzo, nikasema ni wino, wino mwingi hufunika. Nikamwita Chandrakant. Akavaa miwani. Akatazama cha Mei, cha Agosti, hiki. Kisha akazima mashine zote, ilikuwa saa nane mchana na wateja wako mlangoni, akageuza kile kibao cha kufunga. Akaweka maji ya chai jikoni. Akaenda kwenye simu, akazungumza kwa sauti ya chini.

Papa Serge alifika kutoka Hayes saa kumi na moja. Akaja na wengine wawili. Tukaketi juu ya mifuko ya nguo. Papa Serge akasema mwaka huu baridi imewahi. Chandrakant akasema bei ya sabuni imepanda. Wakasema habari za basi la kutoka Hayes jinsi lilivyozunguka. Mimi nikawaacha waseme, maana nilikuwa naijua njia hiyo, niliwahi kumpitisha Papa Serge mwenyewe. Mwisho nikaweka kikombe chini. Nikasema, "Ni Mama."

Kwa hiyo usijilaumu. Ulifanya nilivyokuagiza Pasaka ile. Huna watu sita wa kuwapandisha mabasi matatu waje kuketi nami, ukatumia ulichokuwa nacho, kidole chako. Kina mama wanaokuja kutwa nzima na kuketi hadi jioni, nimewaelewa sasa. Wape asante zangu.

Usiniandikie ilikuwa siku gani. Nikijua siku nitaanza kuhesabu: barua ilikuwa wapi, Kigoma au Dar es Salaam, au bado iko kwenye sanduku hapa mtaani. Wala usiniambie kama ni presha au ni ule mdomo wangu. Hata ukiniambia ni presha sitaamini, na ukiniambia lile jingine sitaweza kuamka Jumatatu.

Mwewe walifungwa mwanzoni mwa Oktoba, huko kaskazini, thelathini na nne kwa sita. Hawakufika Manchester. Jezi zililetwa Jumatatu kama kawaida. Faili bado kimya.

Uliomba barua ya ushindi. Mara ya kwanza nilisema sitaandika, huu mkono umeandika ya kutosha. Lakini yeye alifunga akingojea jibu, na mtu hawezi kuachwa hivyo. Karatasi ya pili ni yake. Mchukue Muhiddin na kiti chake, na kina mama, mwende pale alipolala. Uisome kwa sauti. Muhiddin akisema mwongo, mwache aseme. Mwenye kumjibu hayupo.

Mjomba wako,
Anselme


London
15 Novemba 1998

Mama yangu,

Ni mimi mwanao Anselme nakusalimu kwa sauti kubwa, unisikie hadi huko uliko. Pumzika, usiinuke, nitasema mwenyewe.

Mama, tumeshinda! Manchester, mbele ya watu elfu sitini, wengine wamepanda juu ya mabega ya wengine, na walioko nje wamepasua ukuta kwa kelele. Wale wa kaskazini walikuja na wachezaji wenye vifua kama milango ya kanisa. Walituangusha mara moja, tukainuka. Mara mbili, tukainuka. Mara tano, Mama, tope limejaa midomoni, kocha amejifunika uso kwa kofia, na mwenyekiti analia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. Ikabaki moja. Lawrence akanitafuta kwa macho, akasema, "Anselme, kuna mtu anatuombea? Maana miguu yangu si yangu." Nikamwambia, "Yuko. Yuko Nyarugusu, hajala tangu Ijumaa." Akasema, "Basi haiwezekani tukamlaza njaa mama wa watu."

Uliuliza kwa nini wanarusha nyuma, nyuma kuna nani. Siku ile nilikuona. Lawrence alirusha mpira nyuma bila kutazama, na aliyeudaka ni wewe, umefunga kitenge kiunoni. Ukakimbia, Mama. Miguu haijavimba hata kidogo. Watu kumi na tatu wakakurukia, ukawapita kama mtu anayepita kati ya migomba, ukauweka mpira chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Hata waamuzi walipiga makofi, na ni marufuku kwao.

Wakaleta kombe, nikasema nendeni nalo. Mimi nilibaki kwenye jezi. Zililetwa zote, kumi na tatu, nzito, zimeloa tope na damu. Watu wakasema zitupwe, hazifai tena. Nikasema hapana. Nimezifua mwenyewe, Mama, kwa mikono hii, moja moja, kwa maji baridi na chumvi. Maji ya moto sikutia. Nimezianika, zote zimetakata.

Sasa kula.

Mwanao,
Anselme